Ahmedabad, mji unaobeba alama ya Mwafrika

Na Mwandishi Wetu, Ahmedabad

Mwombe mkazi yeyote wa Ahmedabad akuonyeshe alama ya mji wake. Hatakupeleka kwenye kasri wala kwenye ngome. Atakupeleka Lal Darwaza, njia panda yenye kelele za bajaji na mabasi mchana kutwa, akusimamishe nyuma ya msikiti mdogo na kukuonyesha dirisha. Mti uliochongwa kwenye dirisha hilo la jiwe utaukuta kwenye mabango ya utalii na kwenye vinyago ambavyo wageni hununua kuwa zawadi. Chuo mashuhuri cha usimamizi cha IIM Ahmedabad kiliuchukua kuwa nembo yake.

Msikiti huo ulijengwa kati ya mwaka 1572 na 1573. Mwenye kuujenga aliitwa Sidi Saiyyed, na alikuwa Mwafrika.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tumezoea kuisimulia Bahari ya Hindi kwa upande mmoja. Wahindi walikuja, wakajenga reli, wakafungua maduka, wakatuachia sambusa na milango ya nakshi. Hayo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Kaskazi ilileta majahazi ya Gujarat kwetu, na kusi ikayarudisha yakiwa na shehena ya pembe, dhahabu na watu. Miongoni mwa watu wa bara letu waliovuka bahari hiyo kwa karne nyingi, wako waliofika wakiwa watumwa, mabaharia, askari na wafanyabiashara. Baadhi yao waliongoza majeshi na kujenga majumba ya ibada. Ahmedabad ni mahali ambapo nusu hiyo ya pili inaonekana kwa macho na kuguswa kwa mkono, na mtu mwenye mapumziko mafupi ya mwisho wa wiki anaweza kuizunguka na kuielewa.

Mji wa Sultani Ahmad

Ahmedabad ulianzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah, upande wa mashariki wa mto Sabarmati. Alianza na ngome ya Bhadra. Mbele yake likajengwa Teen Darwaza, lango la matao matatu lililofungua njia ya msafara wa sultani, na mbele zaidi msikiti mkuu wa Ijumaa. Mpangilio huo haujapotea hadi leo. Ukitoka Bhadra kwa miguu unapita chini ya matao yaleyale, ila sasa badala ya farasi wa sultani unapishana na mikokoteni ya viatu, ndoo za plastiki na vitenge vya msimu.

Utajiri wa mji ulitoka kwenye pamba, hariri na nili. Upande wa kusini ilikuwapo bandari ya Khambhat, ambayo Wazungu waliiita Cambay, na kutoka huko nguo na shanga za akiki zilisafirishwa hadi Kilwa, Mombasa na Malindi. Wachimbaji wa mambo ya kale wanapofukua magofu ya pwani yetu, shanga za Gujarat ni kati ya vitu wanavyokutana navyo. Wafumaji wa nchi hii waliwavisha wazee wetu wa pwani kabla Mzungu wa kwanza hajatia nanga.

Mwaka 1572 Akbar, mfalme wa Wamughali, aliutwaa mji na usultani ukaanguka. Baada ya Wamughali walikuja Wamaratha, kisha Waingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1861 kikaanza kiwanda cha kwanza cha nguo chenye mashine za mvuke, vikafuata vingine vingi, hata mji ukabandikwa jina la Manchester ya India. Mwaka 2017 UNESCO iliutangaza Urithi wa Dunia, mji wa kwanza nchini India kupewa heshima hiyo.

Dirisha la Sidi Saiyyed

Dirisha lenyewe lina umbo la nusu duara na liko kwenye ukuta wa magharibi, ambao huku India ndio upande wa kibla. Jiwe ni la mchanga, lenye rangi ya manjano iliyofifia kwa jua la karne nne na nusu. Shina linapanda kutoka chini na kugawanyika. Matawi yanajipinda, yanapitana juu na chini, yanazidi kuwa membamba hadi yanaishia kwenye vijitawi vilivyojikunja ncha, na katikati yao mtende umechomoza. Kila pengo kati ya jani na jani limetobolewa likatokea upande wa pili. Mfano ulio karibu na sisi ni kofia ya viua: uzuri wake umo ndani ya matundu sawasawa na ulivyo kwenye uzi. Tofauti ni kwamba hapa mshonaji alishika patasi, na kitambaa chake kilikuwa mwamba.

Dirisha la pili, pembeni ya hilo, limepangwa mitende na miti kwa zamu, safu moja iliyotulia. Ukiingia alasiri, jua likiwa limeinamia magharibi, mwanga unapenya kwenye matundu na kuandika miti ileile sakafuni, kati ya watu wanaoswali. Huhitaji kujua historia ya sanaa ili uelewe kwamba mafundi waliofanya kazi hii walikuwa wamefika ukingoni mwa kile ambacho jiwe linaweza kukubali.

Sidi Saiyyed alitumikia chini ya jemadari Bilal Jhajar Khan, Mhabeshi mwenzake, katika siku za Sultani Muzaffar Shah wa Tatu, aliyekuwa wa mwisho katika ukoo wake. Waafrika hao waliitwa Wahabeshi au Masidi, na wengi walitokea Uhabeshi na nchi za jirani kupitia bandari za Bahari ya Shamu na Yemen. Wengi waliuzwa utotoni, wakafunzwa silaha, wakaingizwa kwenye majeshi ya masultani. Masultani waliwathamini kwa sababu askari asiye na ukoo nchini hana mjomba wa kumwahidi kiti cha enzi. Lakini mtu aliyeanzia utumwani aliweza kupanda hadi kuwa amiri mwenye ardhi na watumishi wake. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Malik Ambar, mzaliwa wa Uhabeshi aliyeuzwa mara kadhaa, kisha akawa mtawala halisi wa Ahmadnagar huko Deccan na kuwahangaisha Wamughali hadi alipofariki mwaka 1626.

Upande wa pili wa mji wa kale, karibu na kituo cha reli, imesimama minara miwili inayohusishwa na Sidi mwingine, Sidi Bashir, anayesimuliwa kuwa mtumwa wa Sultani Ahmad Shah. Msikiti wake uliharibiwa vitani mwaka 1753, ikabaki minara na tao linaloiunganisha. Minara hiyo ina tabia ya ajabu: ukiutikisa mmoja, baada ya muda mfupi mwenzake nao unatetemeka, ilhali tao la katikati limetulia. Siku hizi wageni hawaruhusiwi kupanda, na ni vyema, maana jiwe nalo huchoka.

Msikiti wa Sidi Saiyyed nusura upotee. Chini ya Waingereza ulifanywa ofisi ya serikali, hadi Lord Curzon, aliyekuwa mwakilishi wa mfalme nchini India mwanzoni mwa karne ya 20, alipoagiza makarani waondoke. Leo unaswaliwa. Mzee anayeutunza anakuonyesha mahali pa kuacha viatu na hakudai chochote.

Kutoka hekaluni hadi msikitini

Asubuhi ndiyo wakati wa kuutembea mji wa kale, kabla joto na magari havijaamka. Tangu Novemba 1997 halmashauri ya mji inaendesha matembezi ya kuongozwa ambayo huanzia kwenye hekalu la Swaminarayan mtaani Kalupur, lililojengwa mwaka 1822 kwa mbao za msaji zenye nakshi na rangi, na kuishia kwenye msikiti wa Ijumaa. Katikati ndimo zilimo pol, vitongoji vilivyojifunga vyenyewe na ambavyo ndivyo moyo wa mji.

Pol ni ujia mwembamba wenye lango lililokuwa likifungwa usiku. Ndani nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, baraza zinatazamana, na wenyeji walikuwa watu wa ukoo mmoja, dini moja au kazi moja. Kuna kisima cha wote, ubao wa kuandikia matangazo, na mlingoti wenye kibanda cha kulishia ndege, kwa sababu walipokata miti ili wajenge, waliona ndege nao wanadai haki yao. Chini ya ua wa ndani wa nyumba nyingi kuna birika la kukinga maji ya mvua kutoka paani, maji ya kunywa mwaka mzima katika nchi ambayo mvua huja msimu mmoja tu. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe akipita humu atajikuta nyumbani: vichochoro vinavyozuia jua, baraza za kupumzikia, milango mizito ya msaji. Ile milango ya Unguja yenye mbao ndogondogo zinazokunjika, ambayo mafundi wetu huiita ya Kigujarati, asili yake ni mitaa ya namna hii.

Kwenye baraza moja bibi alikuwa akichambua mchele. Alimwuliza kiongozi wetu wageni hawa wanatoka wapi, na aliposikia Afrika Mashariki aliweka ungo chini.

“Njoo ukae, mwanangu,” aliniambia, kiongozi akitafsiri. “Baba yangu mdogo alikuwa na duka Nakuru. Nakuru bado ni kuzuri?”

“Ni kuzuri, bibi. Ziwa lipo, na maduka yapo.”

Aliridhika, akaagiza chai. Alitaja miji ya Kenya na Uganda ambayo jamaa zake waliishi kabla ya kuhamia Uingereza. Nilipomwuliza kuhusu mwenye kujenga msikiti wa Lal Darwaza, alisema ni msikiti maarufu sana na dirisha lake halina mfano, lakini kwamba Sidi Saiyyed alitoka Afrika hakuwahi kuambiwa. Hapo niliona kwamba nusu ya habari imepotea pande zote mbili za bahari. Wao wanawakumbuka jamaa zao waliokuja kwetu. Sisi na wao tumewasahau wetu waliokwenda kwao.

Teen Darwaza lina habari yake ya kukumbukwa. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja Lakshmi, mungu wa kike wa neema kwa Wahindu, alifika langoni akitaka kuuaga mji. Bawabu Mwislamu, Siddique Kotwal, alimsihi asubiri hadi ampe habari sultani. Kisha akaenda kwa sultani na kuomba akatwe kichwa, ili asirudi langoni na Lakshmi abaki akisubiri milele. Ndani ya shubaka la lango hilo huwaka taa ya kumkumbuka Lakshmi, na wanaoiwasha, kizazi hadi kizazi, ni familia ya Waislamu. Kisa hicho kinapendwa kwa sababu ya kile ambacho mji ungetamani kuwa. Ahmedabad pia ni miongoni mwa miji iliyoumia zaidi mwaka 2002, ghasia za kidini zilipoua zaidi ya watu 1,000 katika jimbo la Gujarat, wengi wao Waislamu. Matembezi yanayoanza hekaluni na kuishia msikitini yana uzito kwa anayelijua hilo.

Nguzo, dhahabu na kikombe cha chai

Msikiti wa Ijumaa ulikamilika mwaka 1424. Ukumbi wake unabebwa na nguzo 260 chini ya kuba 15, na nguzo hizo zimechongwa kwa mikono iliyozoea kujenga mahekalu: kuna maua ya yungiyungi na minyororo ya kengele, vilivyowekwa kwa utulivu ndani ya nyumba ya swala. Vilele vya minara yake vilianguka katika tetemeko kubwa la mwaka 1819. Ua wake ni mpana, una birika la kutawadhia katikati, na baada ya msongamano wa soko la nje mtu hupumua.

Upande wake wa mashariki yapo makaburi ya Sultani Ahmad na, ng’ambo ya kichochoro, ya wake wa masultani, sasa yamezungukwa na maduka ya magauni na vito vya bandia. Hatua chache zaidi ni Manek Chowk, uwanja ambao hubadili kazi kwa saa: mchana ni soko la dhahabu na fedha, usiku ni jiko la wazi. Masonara wakifunga, majiko yanawashwa na hewa inajaa siagi na bizari. Chakula karibu chote hakina nyama. Mtu wa pwani atakuta jalebi za moto zikiliwa asubuhi pamoja na vipande vyembamba vikavu vya unga wa dengu viitwavyo fafda, na dhokla, mkate laini wa dengu uliopikwa kwa mvuke na kunyunyiziwa haradali.

Karibu na msikiti wa Sidi Saiyyed kuna mkahawa uitwao Lucky, uliojengwa juu ya makaburi ya zamani. Makaburi hayakuhamishwa. Yamezungushiwa vyuma vya kijani, na meza zimepangwa kati yake. Mchoraji maarufu M. F. Husain alikuwa mteja, na picha aliyowapa imetundikwa ukutani. Wateja wanakunywa chai ya maziwa na mkate wenye siagi, wakipitisha miguu kwa adabu pembeni mwa waliolala.

Nje ya kuta

Vituo viwili nje ya mji wa kale havifai kukosekana. Cha kwanza ni Adalaj, mwendo mfupi kaskazini mwa mji, kwenye kisima cha ngazi kilichomalizika mwishoni mwa karne ya 15. Kisima hiki unashuka ndani yake kwa miguu, ghorofa tano kwenda chini, kupitia nguzo na roshani zilizochongwa maua, tembo na mabeseni ya maji. Kila ghorofa unayoshuka ubaridi unaongezeka, hata ukifika chini umesahau jua la juu. Wanawake walikuja kuteka maji, wasafiri walikuja kupumzika. Simulizi zinasema Rana Veer Singh alikianza, akauawa vitani, na Sultani Mahmud Begada aliyemshinda akakimalizia kwa ombi la mjane, Rudabai, jina linalotajwa kwenye maandishi ya Kisanskriti ya kisima hicho.

Cha pili ni makazi ya Gandhi kando ya Sabarmati. Gandhi alirudi India mwaka 1915 baada ya miaka 21 iliyotawaliwa na harakati za Afrika Kusini, akachagua Ahmedabad, na mwaka 1917 akahamia hapa. Nyumba yake, Hriday Kunj, ni ya vyumba vichache vyenye vigae juu, mkeka, meza ya chini ya kuandikia na gurudumu la kusokotea pamba. Tarehe 12 Machi 1930 alitoka hapa na wenzake 78, wakatembea zaidi ya kilomita 380 hadi Dandi, ambako aliokota chumvi ya pwani na kuivunja sheria ya Waingereza iliyowanyima wananchi haki ya kujitengenezea chumvi. Aliapa kutorudi kuishi hapa hadi nchi iwe huru. Mbinu aliyoitumia aliianzia Afrika Kusini, kwa hiyo hapa napo bara letu limo ndani ya habari.

Masidi wa leo

Wazao wa Waafrika wa Gujarat wapo. Wanaishi Jambur, karibu na msitu wa Gir wenye simba, na Ratanpur, kwenye kaburi la walii Bava Gor, Mwafrika ambaye mapokeo yao yanamtaja kuwa mfanyabiashara wa akiki. Wanazungumza Kigujarati, wengi ni Waislamu, na ngoma zao wanazicheza kwa miguu peku na manyoya ya tausi kichwani, mbele ya walii na mbele ya watalii. Wengi ni maskini, na ubaguzi wanaujua. Mwaka 2023 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri Hirabai Lobi wa Jambur, mama aliyefanya kazi miaka mingi kuwainua wanawake na watoto wa jamii hiyo.

Kati ya Sidi Saiyyed na Hirabai Lobi kuna miaka 450 ya historia ambayo mtoto wa shule Dar es Salaam au Mombasa humaliza masomo bila kuisikia. Vitabu vyetu vya historia vina nafasi ya Vasco da Gama. Vina nafasi ya vibarua wa reli ya Uganda, na wanastahili. Ukurasa mmoja kuhusu Malik Ambar na Sidi Saiyyed hautamtoa mtu yeyote mahali pake, na utamwonyesha mtoto kwamba watu wa bara lake waliovushwa bahari kwa nguvu waliacha ugenini kazi ambayo miji inajivunia.

Kwa anayepanga safari: miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo yenye hali nzuri, kwani Aprili hadi Juni joto hupita nyuzi 40. Tarehe 14 Januari mji mzima hupanda paani kurusha tiara. Wengi kutoka kwetu hupitia Ghuba au Mumbai. Viza huombwa mtandaoni, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mfukoni. Pombe ni marufuku Gujarat, isipokuwa kwa kibali. Misikiti na mahekalu ni ya ibada kwanza, hivyo vaa kwa staha na usiende kutalii msikitini saa ya swala ya Ijumaa.

Watu wetu wengi tayari wanafika India, na wengine Gujarat hasa, kwa matibabu na masomo. Mwenye mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo Ahmedabad, au mwanafunzi mwenye alasiri huru, anahitaji nauli ya bajaji tu kufika Lal Darwaza. Aende, na mwenyeji atakapomsifia lile dirisha, amweleze kwa furaha aliyelijenga alitoka wapi.